Mahakama Haikushindwa na Magaidi

Mwambie mtu kwamba mshukiwa wa ugaidi afikishwe kortini kama mshukiwa mwingine yeyote, atakujibu papo hapo: mawakili watamtoa, hii ni vita, atiwe ndani hadi vita viishe. Wanaosema hivyo si watu katili. Wengi wao wanawalilia waliouawa, nami nawalilia pia. Lakini wanachokisema si kweli, na sisi wa Dar es Salaam na Nairobi hatuna udhuru wa kutolijua hilo.

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani katika miji yetu hii miwili zililipuliwa, wakafa watu 224. Washtakiwa wanne walifikishwa mbele ya mahakama ya kiraia New York, mawakili wakawatetea, mashahidi wakahojiwa hadharani, na mwaka 2001 wote wanne wakafungwa maisha.

Kisha ikaja Septemba 11, na Marekani ikajipa mamlaka ya vita. Sheria ya vita inaruhusu kumzuia mpiganaji bila mashtaka, ndiyo, ila kwa lengo moja: asirudi vitani. Si adhabu. Ndiyo maana Mikataba ya Geneva inataka wafungwa wa vita waachiliwe mapigano yakikoma. Sasa vita dhidi ya ugaidi vinakoma lini, na nani atatia saini? Mwaka 2004, katika kesi ya Hamdi, raia wa Marekani aliyezuiliwa kama mpiganaji, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali mamlaka hayo, lakini ikasema raia anayezuiliwa lazima apate nafasi ya kuyapinga madai mbele ya mwamuzi asiye na upande. Miezi michache baadaye serikali ilimrudisha Hamdi Saudi Arabia bila kumfungulia shtaka lolote.

Mtazame Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004 kwa mashambulizi yale yale ya balozi. Badala ya kupelekwa New York, alifichwa katika magereza ya CIA, kisha mwaka 2006 akahamishiwa Guantánamo. Kesi yake ilipoanza hatimaye kusikilizwa katika mahakama ya kiraia mwaka 2010, waendesha mashtaka walikuwa na shahidi mzito, mtu aliyedai kumuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa, kwa kuwa serikali ilimfikia shahidi huyo kupitia maneno aliyoyatoa Ghailani kwa kushurutishwa akiwa mikononi mwa CIA. Katika mashtaka zaidi ya 280, alipatikana na hatia kwa moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Mashtaka yote ya mauaji yakaanguka. Wanasiasa wa Washington wakapiga kelele kwamba mahakama za kiraia zimeshindwa. Hapana! Kwa shtaka hilo moja mahakama ilimfunga maisha. Kama kuna kilichoidhoofisha kesi ya marehemu wetu, ni chumba cha mahojiano cha CIA.

Na Khalid Sheikh Mohammed, anayetajwa kuwa mpangaji mkuu wa Septemba 11? Alikamatwa mwaka 2003 na kuwekewa mahakama ya kijeshi. Miaka zaidi ya 20 imepita, na mabishano juu ya mateso aliyofanyiwa yamekula muda ambao ungetosha kesi kadhaa.

Wala tusiwanyooshee kidole Wamarekani peke yao. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walisota rumande Tanzania Bara miaka kadhaa, kesi ikipigwa kalenda, hadi mwaka 2021 mashtaka yao ya ugaidi yalipofutwa.

Na Kenya je? Novemba 2002, Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa katika shambulio la kigaidi hotelini Kikambala. Mkenya mmoja aliyedaiwa kuhusika alikamatwa Mombasa mwaka 2007, akakabidhiwa kwa Wamarekani bila kupitishwa katika korti yoyote ya Kenya, akakaa Guantánamo hadi Desemba 2024. Hakushtakiwa hata siku moja. Kama alihusika, wafiwa wa Kikambala wamenyimwa hukumu. Kama hakuhusika, ameporwa karibu miaka 18 ya maisha yake. Anayeamini kwamba korti ni dhaifu mno kwa magaidi na aseme ni lipi kati ya hayo mawili analoliita usalama.