Kungojea simu si kupumzika



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alifika mkutanoni na hasira. Mtoto wa dada yake anaishi Marekani, anafanya kazi ya kuhudumia abiria ndani ya ndege. Mama alimpigia simu mara sita, hakujibu hata moja. Kesho yake msichana akaandika: «Mama mdogo, unisamehe, zilikuwa saa zangu za kulala, nilizima simu.» Mama mdogo akatuambia: «Amesahau kwao.» Sisi tulimtuliza, halafu tukaenda kusoma kidogo juu ya kazi hiyo.

Watu wapya katika kazi ya ndege, marubani na wahudumu, mara nyingi huanza na zamu ya kungojea. Hawana safari iliyopangwa. Wako nyumbani, sanduku limefungwa, simu iko mkononi. Mwenzao akiugua, au ndege ikikwama kwa mvua, wanaitwa. Anayewaona atasema wanapumzika, maana wameketi, wanakula, wanaangalia televisheni. Lakini mtu aliyeamka alfajiri akangoja mchana kutwa, kisha jioni akaitwa kuendesha ndege mpaka usiku wa manane, amepumzika wapi?

Zamani sheria za Marekani hazikueleza wazi jambo hilo. Msiba ndio uliofungua macho. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni Colgan Air, safari namba 3407, ilitoka Newark ikaangukia nyumba karibu na Buffalo. Walikufa watu 50: 49 waliokuwa ndani ya ndege na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema rubani alikosea: ndege ilipomwonya kwamba mwendo umepungua mno, alivuta usukani badala ya kuusukuma. Lakini walitazama pia usiku uliotangulia. Rubani mkuu alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi pale uwanjani. Msaidizi wake, mwanamke wa miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha toka upande wa Seattle, mwisho mwingine wa nchi, ili afike kazini, naye alikuwa na mafua. Wachunguzi waliandika kwamba huenda uchovu uliwapunguzia uwezo, ingawa hawakuweza kupima ni kwa kiasi gani.

Jamaa za waliokufa hazikubaki kulia tu. Walikwenda Washington tena na tena, wakaketi mbele ya wabunge. Mwaka 2010 sheria ilipita, na tangu tarehe 4 Januari 2014 marubani wa ndege za abiria wana kanuni mpya za kupumzika.

Sisi waalimu tunapenda hesabu, basi tuifanye pamoja. Kabla ya zamu ya kungojea nyumbani, rubani lazima apewe saa 10 za kupumzika, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Katika saa hizo 10 kampuni haina ruhusa ya kumlazimisha ajibu simu. Zamu yenyewe haizidi saa 14. Akiitwa, saa alizongoja hazifutwi. Kungoja na kazi vikijumlishwa visipite saa 16, na mara nyingine hesabu inaishia chini ya hapo. Kwa hiyo aliyeanza kungoja saa moja ya asubuhi, akaitwa saa nane ya mchana, ameshatumia saa 7. Saa tano ya usiku awe amemaliza. Akiwekwa kungojea uwanjani badala ya nyumbani, inahesabiwa yote kuwa kazi tangu dakika ya kwanza. Tena kabla ya safari kila rubani anathibitisha kwamba ana nguvu za kutosha. Akiona hana, haruhusiwi kuruka.

Marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje ya kanuni hizo. Hatujui usingizi wao una tofauti gani na wa wengine! Wahudumu wa abiria, ambao wengi wao ni wanawake, nao walingoja. Bunge liliagiza wapewe saa 10 mwaka 2018, na kanuni ikatoka Oktoba 2022. Ndizo saa ambazo mama mdogo alipiga simu mara sita.

Tulipomsomea hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi yule mama wa mapacha wetu yuko kwenye zamu hiyo.» Kweli. Tangu azae tunampelekea chakula, tunajisifu kwamba tunamsaidia. Lakini tunabisha hodi asubuhi, tunabisha mchana, kila mmoja anataka kubeba mtoto na kupiga habari. Pacha mmoja akilala, yeye analala sikio wazi akimngoja wa pili. Siku ya Jumanne aliweka sombe juu ya mbabula, akaketi kidogo, usingizi ukamchukua. Jirani aliona moshi. Chungu kiliungua, mkeka ulishika moto upande mmoja, na watoto walikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Wengine wameshaanza kusema ni mzembe. Sisi tunakataa neno hilo. Na shuleni tunao wasichana wanaosinzia darasani kwa sababu usiku ndio wanaobeba wadogo zao. Nao tumewaita wavivu mara nyingi mno.

Mkutano wa Jumapili tutaandika majina. Tunataka wamama wawili wawili, kila siku, toka saa nane mpaka saa kumi na moja za mchana. Mapacha watatoka nje ya nyumba pamoja nao, watarudishwa tu kwa kunyonya. Mlango utafungwa. Simu ya mama yao tutaishika sisi, na mama mdogo amekubali kuanza Jumatatu.