Kiwanda Hakikuua Mila

Kuna hadithi tunayopenda kusimuliana: mila ziko kijijini, na kiwanda kikiingia hufa. Ukitaka utamaduni, nenda shambani kwa babu. Kwenye moshi utakuta watu wa kuja tu, wasio na chao. Wasomi wameisema, wanasiasa wameirudia, nayo haisimami.

Tazama Pontypridd, kusini mwa Wales, pale mto Rhondda unapoingia Taff. Minyororo ya meli ilifuliwa hapo tangu 1818, na mabonde ya jirani yakachimbwa makaa ya mawe. Mwaka 1856 Evan James, mwenye kiwanda cha sufu mjini humo, aliandika maneno ya wimbo, na mwanawe James akautia lahani. Lahani hiyo waliipa jina la kingo za Rhondda. Wimbo wenyewe ndio leo wimbo wa taifa wa Wales, na haukutoka kwa mchungaji wa kondoo mlimani.

Kwaya je? Aliyeiongoza kwaya kubwa ya mabonde hayo ikashinda London mwaka 1872, na tena 1873, ni Caradog, mhunzi. Hata zile ibada za "kale" za makuhani wa Wales wenye majoho zilibuniwa na mwashi, Iolo Morganwg, mwaka 1792, tena huko huko London. Na kule Pontypridd, aliyezishikilia na kujitangaza kuhani mkuu alikuwa fundi saa. Fundi saa!

Nitaambiwa kwamba wageni waliofuata makaa walileta Kiingereza, Kiwelisi kikadidimia. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Mkulima wa Ireland alipokosa riziki alipanda meli kwenda Marekani, na lugha yake ikaenda naye. Wawelisi wengi waliteremka mabondeni tu, wakabaki miongoni mwa wasemaji wenzao. Mshahara wa mgodini ndio uliojenga makanisa yao na kununua magazeti ya Kiwelisi.

Pigo lilikuja kazi ilipoondoka. Mgodi wa mwisho wa bonde la Rhondda, Maerdy, ulifungwa Desemba 1990. Wanaume waliokuwa wakitoka zamu moja na kwenda pamoja mazoezini hawana tena zamu ya kutokea. Kwaya zipo, lakini zinasaka vijana wa besi, na vijana wenyewe alfajiri wamo ndani ya treni wakielekea kazini Cardiff.