Mlinzi anapopofuka pamoja na anayelindwa

JULAI 27, 2023, aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Bw Eliud Owalo, alikiri kwamba mfumo wa eCitizen ulikuwa umeshambuliwa na wadukuzi. Kufikia wakati huo wasafiri wa treni walikuwa wamelalamika kuwa hawawezi kukata tiketi mtandaoni, na wanunuzi wa tokeni za stima walikuwa wakihangaika.

Mjadala uliofuata ulihusu wadukuzi. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni hili: mtambo wa umma unapoanza kulemewa, ni nani wa kwanza kujua, mhandisi au mwananchi aliye kwenye foleni?

Katika mashirika mengi siku hizi, kazi ya kuchunga mitambo imekabidhiwa huduma za wingu. Programu ndogo huwekwa ndani ya seva, nayo husoma kiasi cha kazi inayofanywa na kichakataji, nafasi iliyosalia kwenye diski, kumbukumbu inayotumika na idadi ya maombi yanayoingia. Vipimo hivyo hutumwa kila baada ya dakika chache hadi kwa kampuni inayovihifadhi, kuvichorea grafu na kupiga king'ora vinapovuka kiwango kilichowekwa. CloudWatch ya Amazon, iliyoanzishwa 2009, ni mojawapo ya huduma hizo.

Manufaa yake hayana ubishi. Shirika dogo halihitaji kununua mitambo yake ya uchunguzi wala kuajiri watu wa kukesha wakitazama skrini.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kulipia huduma hiyo kunatosha anajidanganya. Seva iliyokodishwa kwa Amazon, kwa mfano, hutuma vipimo vya kichakataji kila baada ya dakika tano pasipo mteja kufanya lolote, lakini haitumi kipimo cha kumbukumbu hadi mteja mwenyewe aweke programu ya kukikusanya. Seva inaweza kuishiwa na kumbukumbu na kuzimika huku grafu zote zikionyesha kwamba mambo ni shwari.

Hatari kubwa zaidi ni mlinzi kulala nyumba moja na anayelindwa. Februari 28, 2017, mhandisi wa Amazon alikosea amri moja na kuzima seva nyingi kuliko alivyokusudia katika kituo cha Virginia, Marekani. Kwa takriban saa mbili kampuni hiyo ilishindwa kubadilisha ukurasa wake wa kuwaarifu wateja kuhusu hali ya huduma, kwa kuwa ukurasa wenyewe ulitegemea huduma iliyokuwa imeanguka.

Somo hilo halikushika. Desemba 7, 2021, saa kumi na mbili na nusu jioni saa za Kenya, msongamano katika mtandao wa ndani wa kituo hicho cha Virginia uliwanyima wahandisi wa Amazon vipimo vyao wenyewe. Walilazimika kupekua kumbukumbu za matukio ili kubaini tatizo lilikuwa wapi. Mganga hajigangi, na ikiwa kampuni yenye utajiri kiasi hicho ilipofuka, sijui wakuu wa idara zetu wanapata wapi utulivu walio nao.

Kwetu kuna tatizo la ziada, nalo ni bahari. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, seva iliyoko Nairobi yaweza kuendelea kuwahudumia Wakenya vizuri ilhali vipimo vyake vinavyopelekwa ng'ambo havifiki. Mhandisi hawezi kujua kama kilichokufa ni mtambo au ni njia.

Hapa ndipo uzembe hujitokeza. Katika CloudWatch, king'ora kinachokosa vipimo kabisa huingia tu katika hali ya kutokuwa na data ya kutosha, wala hakimwamshi mtu yeyote isipokuwa mteja awe ameagiza hivyo. Ukimya, ambao ndio dalili mbaya kuliko zote, huchukuliwa kuwa amani.

Tiba yake si kuyakimbia mawingu. Vipimo vihifadhiwe pia ndani ya seva yenyewe hadi njia ifunguke, kisha vitumwe. Pawe na mchunguzi wa pili, katika kampuni nyingine na mahali pengine, anayebisha mlango wa mtambo kama abishavyo mwananchi wa kawaida. Ujumbe wa hatari nao upitie njia isiyotegemea mtandao unaochunguzwa.

Gharama ya hayo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya siku moja ya huduma kukwama. Lakini ni lazima yaandikwe katika kandarasi kabla ya kutiwa sahihi, pamoja na jina la afisa atakayeamshwa usiku vipimo vikikoma kufika.