Tovuti Ikabidhiwe kwa Mwenye Taarifa

Mkulima wa pamba wa Dutwa akitaka kujua mbegu zitafika lini kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, hafungui tovuti. Anampigia simu mtu anayemfahamu. Mfugaji wa Meatu anayeulizia siku ya mnada hufanya vivyo hivyo. Wapo wanaosema kwamba watu wa vijijini hawajazoea intaneti. Sikubaliani nao. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, wazazi wa vijiji hivyohivyo huingia kwenye tovuti yake kwa wingi, na asiye na simu kubwa huazima ya jirani. Wanaingia kwa sababu wana hakika kwamba wanachokitafuta kimewekwa siku hiyo. Tovuti ikishampa mtu taarifa ya mwaka juzi mara mbili, harudi tena, na hapo hawezi kulaumiwa.

Mkoa wa Simiyu, wanakoishi mkulima na mfugaji hao, ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakawa Bariadi, na leo una halmashauri sita zinazohudumia watu zaidi ya milioni mbili. Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, halmashauri hizo ziliingia katika kazi kubwa ya kitaifa: mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara zilijengewa tovuti kwa mfumo mmoja, kwa ushirikiano wa TAMISEMI, Wakala ya Serikali Mtandao na mradi wa PS3 wa kuimarisha mifumo ya sekta ya umma, uliofadhiliwa na Marekani kupitia USAID. Maafisa habari na maafisa TEHAMA walifundishwa kuziendesha. Wazo lilikuwa kwamba habari ya Maswa iandikwe Maswa, ya Busega iandikwe Busega, bila kumsubiri mtaalamu wa Dar es Salaam.

Lilikuwa wazo sahihi, na bado ninalitetea. Ndilo lililokuwapo tangu mwanzo kabisa wa tovuti duniani. Programu ya kwanza ya kusomea kurasa, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee mwaka 1990, ilimwezesha mtu kusoma na kuandika mahali pamoja. Baadaye kuandika kukageuka kazi ya mafundi, mpaka vilipokuja vyombo kama WordPress, mwaka 2003, vikairudisha kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo anayedai leo kwamba mteja hawezi kubadilisha tovuti yake bila fundi, ama hajui kazi yake ama anataka aitwe na alipwe kila mara.

Lakini hata mfumo ukiwa mwepesi, tovuti haijihuishi yenyewe. Fuatilia safari ya tangazo la chanjo ya mifugo. Afisa mifugo ndiye anayejua tarehe. Anamwandikia mkuu wake wa idara, mkuu wa idara anampelekea mkurugenzi, mkurugenzi akiridhia barua inashuka kitengo cha mawasiliano, na huko afisa habari yuko ziarani na msafara wa viongozi, kamera mkononi. Tangazo linapopandishwa, chanjo imekwisha. Ndiyo maana tovuti nyingi za umma nchini zina picha nyingi zaidi za viongozi wakizindua miradi kuliko tarehe za huduma: picha huletwa na mtu yuleyule mwenye nywila. Afisa huyo akihamishwa, mara nyingine nywila huondoka naye.

Wapo wanaoona afadhali kazi hii irudi kwa wachache wenye ujuzi, na hoja zao si za kupuuza. Mtu asiyefundishwa anaweza kupandisha picha nzito zikamaliza bando la msomaji. Anaweza kuvuruga mpangilio wa ukurasa, au kutumia nywila nyepesi akawafungulia wezi mlango. Hatari ya usalama ni kweli, na kwa upande wa Serikali ina chombo chake: Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyochukua nafasi ya wakala wa awali kwa sheria ya mwaka 2019. Seva na ulinzi vibaki kwa wataalamu. Ila tarehe ya mnada si suala la kitaalamu, na anayeijua yuko Mwanhuzi, Meatu.

Wengine wanauliza tovuti ya nini wakati kila kata ina kundi la WhatsApp. Kwa habari ya leo, kundi ni zuri kuliko tovuti. Lakini ujumbe wa jana umezikwa chini ya salamu na rambirambi, aliye nje ya kundi hauoni, na kundi ni mali ya namba ya mtu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Haki hiyo haiwezi kutegemea kama msimamizi wa kundi amekuunganisha. Tangazo liwekwe kwanza kwenye tovuti, kisha kiungo chake kisambazwe kwenye makundi.

Tukumbuke pia kwamba mambo mengi yamekwishahamia kwenye mifumo ya kitaifa. Zabuni ziko NeST tangu mwaka 2023, leseni za biashara ziko TAUSI, na nafasi za kazi zina mfumo wake. Tovuti ya halmashauri imebaki na yale ambayo Dodoma haiwezi kuyajua: minada, kliniki za mkoba, mgao wa mbegu, barabara iliyokatika, mapato na matumizi ya kata. Ni mambo machache, na yote hubadilika.

Basi tovuti ijengwe kwa ajili ya mambo hayo. Ningependa fundi anayejenga tovuti Bariadi aanze kwa kumnyima mteja uhuru mwingi. Afisa mifugo hahitaji kuchagua rangi wala aina ya herufi. Anahitaji fomu moja yenye nafasi tano: nini, wapi, lini, nani apigiwe simu, na tangazo liondoke siku gani. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu tangazo linalojiondoa lenyewe muda wake ukiisha halimdanganyi mtu. Fomu iwe ya Kiswahili, ifunguke kwenye simu ya kawaida, ipunguze picha yenyewe kabla ya kuipandisha. Kila idara iwe na ruhusa yake, na mkurugenzi akubaliane nayo mapema juu ya matangazo yasiyohitaji sahihi yake. Mambo mazito, kama taarifa za maafa au kauli rasmi, yaendelee kupita kwake.

Kwa sekta binafsi hali ni ngumu zaidi, maana huko Mamlaka ya Serikali Mtandao haimsimamii mteja. Mwenye nyumba ya wageni Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Serengeti, bei zake hupanda na kushuka kwa msimu. Kikundi kinachouza chaki za Maswa kinataka shule ya mbali ione bei ya katoni. Wengi wa namna hii hulipia tovuti mara moja, kisha hugundua kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la fundi, na fundi amebadilisha namba. Hiyo ni nyumba uliyoijenga kwa fedha yako, hati ikaandikwa jina la mwashi.

USAID, iliyofadhili kazi ya mwaka 2017, ilifungwa mwaka 2025. Hatuna sababu ya kungoja mfadhili mwingine kwa kazi ya dakika kumi kwa siku. Nawasihi wakurugenzi, wakuu wa shule, viongozi wa AMCOS na wafanyabiashara wa Simiyu: msilipe awamu ya mwisho ya mkataba mpaka jina la tovuti liwe lenu na nywila kuu iwe kabatini kwenu. Kisha mwiteni mtumishi atakayeitumia tovuti hiyo, aweke tangazo kwa simu yake mwenyewe, alirekebishe na kulifuta, fundi akiwa amekaa pembeni bila kugusa chochote. Akishindwa, fundi arudi kazini.