Mpango wa Kujifungua Uandikwe Kabla ya Uchungu



Kijana wa kwetu Bukavu akitaka kuoa, kamati huundwa miezi sita kabla. Huwa na rais, katibu na mtunza hazina, hukutana kila Jumapili baada ya misa, na hata hesabu ya kasha za vinywaji huandikwa katika daftari. Mwaka mmoja baadaye mke wa kijana huyohuyo anashikwa na uchungu usiku wa manane. Hapo ndipo watu huanza kuulizana: hospitali gani? Nani ana namba ya motari? Vitenge viko wapi? Sijaelewa kwa nini sherehe ya siku moja istahili daftari, na kuzaliwa kwa mtu kusistahili hata karatasi moja.

Karatasi hiyo huitwa mpango wa kujifungua. Zamani niliidhani ni anasa ya wanawake wa Ulaya. Nilibadili mawazo dada yangu mdogo alipojifungua mtoto wake wa kwanza, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alitamani kuzaa kwa kawaida, bila kupasuliwa, lakini hakuna aliyemwuliza anataka nini, naye aliona haya kusema. Alilazwa chali, akakatazwa kutembea, na mama yetu akaachwa nje ya mlango na chupa ya chai. Kulipokaribia kucha, mapigo ya moyo wa mtoto yalianza kudhoofika. Daktari akataka kumpasua, akaomba sahihi ya mume. Mume alikuwa machimboni Kamituga, simu haipatikani. Mama akakataa kutia sahihi, kwa kuogopa kisu na kuogopa deni. Karibu saa nzima ilipotea katika mabishano. Mtoto alipona. Lakini dada yangu, mtu mzima wa miaka 24 mwenye akili timamu, alilala akisikia watu wakijadili mwili wake, na hakuna aliyegeuza uso kumwuliza yeye.

Ndiyo maana nasema mpango uandikwe mapema, mwezi wa saba hivi, siku ya kupimwa mimba, mkunga akiwapo na mume akiwapo. Mambo mengi ambayo mwanamke angeomba si ya ajabu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mwenye uchungu awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Kwamba, hali yake ikiwa njema, atembee, anywe, ale, na achague mkao wa kuzalia. Kwamba njia isikatwe kwa mazoea tu. Kwamba kitovu kisifungwe kabla ya dakika moja kupita. Na kwamba mtoto mwenye afya alazwe kifuani pa mama saa yote ya kwanza. Hakuna hata moja hapo linalodai mashine ya bei kubwa. Kuhusu msindikizaji mtaambiwa vitanda vimebanana, na mara nyingi ni kweli. Lakini muuguzi akiulizwa wiki nane kabla huweza kukubali kitenge kitundikwe kati ya vitanda viwili. Akiulizwa mlangoni usiku, atafukuza watu.

Hata hivyo, neno «kawaida» lisitupumbaze. Nimesikia kinamama wakikataa sindano ya oksitosini inayotolewa mara mtoto anapotoka, wakidhani inaharibu uzazi wa asili. Sindano hiyo huzuia damu kumwagika kupita kiasi, na damu huua haraka. Wengine hukataa sindano, kisha wakanywa kwa siri dawa za miti za kuharakisha uchungu, ambazo zaweza kupasua kizazi. Huo si uzazi wa asili.

Kwa hiyo upande wa pili wa karatasi uanze na neno «ikiwa». Ikiwa daktari ataona hatari, mwanamke mwenyewe amekwisha kujibu nini? Mume asipokuwapo, nani atasimama naye? Kundi lake la damu ni lipi, na ni watu gani wawili walio tayari kutoa? Na pesa? Mpango wa serikali wa uzazi bila malipo ulianza Kinshasa mwaka 2023. Ulizeni kama kituo chenu kimo, wala msisubiri kujua siku ya kutoka, maana tunawajua kinamama waliozuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Vijana wanaocheza likelemba kwa ajili ya sare za harusi wanaweza kuicheza pia kwa ajili ya jambo hili.

Dada yangu sasa ana mimba ya pili, ya miezi saba. Jibu lake kuhusu kupasuliwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na mama amesomewa mara mbili. Mume ameahidi kurudi kutoka Kamituga wiki tatu kabla ya tarehe. Muuguzi amekubali mama aingie, mradi aje na kandambili safi.