Kujifunza gitaa ukubwani si uzembe, ni sehemu ya afya yako

Leo kwenye kona yetu ya afya naomba tuweke kando kidogo habari za sukari na uzito, tuzungumzie jambo ambalo wengi wataliona la mchezo. Nalo ni kijana wa miaka ishirini na kitu, au thelathini, kuanza kujifunza kupiga gitaa, kinanda au ngoma wakati hajawahi kuvigusa maishani mwake. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae: hili ni jambo la afya, na kinachotuzuia wengi wetu si pesa wala muda. Ni aibu.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Nilikuwa na miaka 27, nafanya kazi ya kutunza wazee shifti ya usiku, na wikiendi nabeba boksi sehemu nyingine. Asubuhi nikirudi kwenye fleti yangu karibu na Annapolis Road, usingizi hauji. Najilaza na simu mkononi, natazama harusi na misiba ya nyumbani mpaka saa nane mchana, halafu jioni narudi kazini. Siku nilipokwenda kupima, daktari akakuta presha iko juu. Akaniandikia dawa, akanieleza mambo ya chumvi, kisha akaniuliza, "Ukiwa huko kazini unafanya nini?" Nikamwambia napumzika. Akauliza tena, "Unapumzikaje?" Sikuwa na jibu.

Wiki ile ile nikanunua gitaa la mitumba kwa dola 60. Kaka yangu aliposikia, akanipigia simu kutoka nyumbani: "Dogo, tulikusindikiza uwanja wa ndege ukapige gitaa?" Nilicheka, lakini maneno yaliniingia. Gitaa likakaa nyuma ya kabati miezi miwili.

Wadau, hebu tujiulize, kwa nini neno lile linachoma kiasi kile? Kwetu sisi muziki ni wa mwenye kipaji, au wa aliyeanza utotoni. Kanisani mpiga kinanda ni mmoja, na akisafiri kwaya inaimba kavu. Sisi wengine tukishafika Marekani, kitu pekee tunachokubali kujifunza ni kile chenye mshahara mbele yake, kama cheti cha uuguzi msaidizi, leseni ya lori au kompyuta. Ni mambo ya maana, sikatai. Lakini mtu ambaye kila saa yake imekwisha kuuzwa, hata ile ya kupumzika anaanza kuionea hatia. Hapo ndipo ugonjwa unapopata mlango.

Kuna watu wawili ninaowafikiria sana ninapozungumza haya. Wa kwanza ni Elizabeth Cotten, mama wa Kimarekani mweusi aliyefanya kazi za ndani kwa familia ya Seeger katika eneo hili hili letu la Washington. Hakuwa mgeni kabisa wa gitaa, kwani utotoni alijifunza mwenyewe, tena kwa mkono wa kushoto huku gitaa limegeuzwa juu chini. Lakini maisha yalimfanya aliache kwa miaka mingi. Alilirudia akiwa mtu mzima, katika nyumba aliyokuwa akipika na kufua. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958 akiwa amepita miaka 60, na mwaka 1985 alipata tuzo ya Grammy. Sisemi nasi tutapata tuzo. Nasema mfanyakazi wa ndani aliyechoka aliona gitaa ni lake pia.

Wa pili ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Wazee wetu wengi wanamkumbuka. Mkono wake wa kulia ulifanya maajabu yale yote kwa kidole gumba na cha shahada tu. Basi wewe unayesema vidole vyako vimekuwa vigumu kwa kubeba boksi, anza na hivyo viwili.

Sasa tuje kwenye afya yenyewe. Mimi si daktari, na sitaki mtu aache dawa zake kwa sababu ya makala hii. Presha yangu ilishuka kwa dawa na kwa kupunguza chumvi, siwezi kuupa muziki sifa isiyo yake. Muziki ulinisaidia pengine. Ukiwa unatafuta mahali pa kuweka kidole kwenye uzi wa tatu, huwezi wakati huo huo kuwaza bili ya umeme. Akili inashikwa na kitu kimoja kidogo, na kwa dakika 15 simu inakaa chumba cha pili. Nilipoanza kufanya hivyo kila asubuhi kabla ya kulala, nikawa nalala mapema zaidi, kwa sababu ile saa ya simu ilikuwa imepata mpinzani.

Tena yapo mambo yaliyopimwa. Mwaka 2006 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanyika Uswisi kwa watu wazima 25 wenye kukoroma na tatizo la kukatika pumzi usingizini. Baadhi yao walifundishwa kupuliza didgeridoo, baragumu refu la wenyeji wa Australia, kwa miezi minne. Waliofanya mazoezi hayo walipungukiwa na usingizi wa mchana kuliko wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Ni utafiti mdogo, wala hauondoi mashine ya kupumulia kama daktari amekupa. Lakini unaonyesha kwamba mtu mzima kujifunza ala kunaweza kugusa mwili wake, si moyo tu.

Halafu kuna upweke, ugonjwa ambao sisi tunauita "kuzoea Marekani". Mei 2023, Dk. Vivek Murthy, aliyekuwa Mganga Mkuu wa Serikali ya nchi hii, alitoa waraka kuhusu upweke. Alisema kukosa mahusiano na watu kunaweza kuongeza hatari ya kufa mapema kwa kiasi kinachokaribia uvutaji wa sigara 15 kwa siku. Tufikirie vijana wetu wangapi wanatoka shifti na kufunga mlango.

Ndiyo maana nasema usiishie chumbani. Archie Edwards alikuwa kinyozi na mpiga blues aliyefungua kibanda chake cha kunyolea Bunker Hill Road, upande wa kaskazini mashariki wa Washington, mwaka 1959. Watu walikuwa wakikusanyika pale Jumamosi na magitaa yao, wanapiga na kuelekezana. Alipofariki mwaka 1998, marafiki zake waliunda taasisi kwa jina lake wakaendeleza mikusanyiko hiyo, na kwa miaka kadhaa ilifanyika Riverdale, jirani kabisa na sisi. Nani kati yetu hajui kukaa kwa kinyozi hata kama hanyoi? Vinyozi tunao, Jumamosi tunazo, kilichobaki ni gitaa.

Kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa maumivu:

1. Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Gitaa la nyuzi za nailoni ni laini zaidi kwa vidole vya mwanzo. Ncha za vidole kuuma wiki za kwanza ni kawaida. Lakini ukipata ganzi, au maumivu ya kifundo cha mkono, kiwiko au bega, acha na upumzike. Yakiendelea muone daktari, hasa kama kazi yako ni ya kunyanyua watu au mizigo, maana mkono huo huo ndio unaolipa kodi ya nyumba.

3. Linda masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila ikipanda desibeli 3 muda unapungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Gitaa kavu peke yake chumbani halina neno kubwa. Spika za kwaya na ngoma ndani ya ukumbi mdogo ndizo za kuogopa, vaa vizibo vya masikio.

4. Heshimu majirani. Kinanda cha umeme kina tundu la hedifoni, na hedifoni nazo usizifungulie sana. Kukiwa na jua, nenda ufukweni mwa mto Anacostia, pale Bladensburg Waterfront Park. Bata hawalalamiki ukikosea.

5. Tafuta mtu wa kukuelekeza mapema, kabla makosa hayajawa mazoea. Prince George's Community College, kule Largo, inafundisha muziki, na kanisani kwenu kuna yule mpiga kinanda mmoja aliyechoka kuwa peke yake. Mwombe.

Kama imani yako haikuruhusu ala, sikushawishi uvunje. Kaswida kwa sauti yako, pamoja na wenzako, nayo inakutoa chumbani. Na kama umefika mahali ambapo huoni sababu ya kuamka, hapo gitaa halitoshi. Piga simu 988, ni bure usiku na mchana, unaweza kuomba mkalimani, kisha mwambie na ndugu mmoja wa karibu.

Wapo watakaosema, "Muda huo si ungefanya ovataimu?" Dakika 15 kwa siku ni chini ya saa mbili kwa wiki. Kitakachotumaliza si saa hizo mbili. Ni zile zote tunazozipoteza tukiwa macho kitandani, tumechoka na hatulali.

Kaka yangu naye alinipigia mwezi uliopita. Akasikia nyuzi kwa nyuma, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Dogo, rudia hapo." Nikarudia, na nikakosea pale pale ninapokosea siku zote. Akaniambia, "Taratibu, utafika."

Naomba kuwasilisha, tuendelee kuelimishana.