Barafu Ingalipo, Basi Wataalamu ni Waongo?

Umetuingia ugonjwa wa kujiita wenye shaka, na hali shaka yenyewe hatujui kuitumia. Mtu akisikia kwamba dunia inazidi joto, hukohoa kidogo akasema, "Si walituambia barafu ya Kilimanjaro itakwisha? Mbona ipo?" Kijiwe kizima kikacheka, mjadala ukafungwa.

Ni kweli waliambiwa. Mwaka 2002 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake, waliokuwa wametoboa barafu ile kwa keekee, walitabiri kwamba huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo ikapita, barafu ingalipo. Lakini muungwana hasomi nusu ya barua. Mwaka 1912 barafu ile ilienea takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hata 2 hazikutimia. Tarehe ndiyo iliyokosewa. Kupungua kupo, na mwenye macho haambiwi tazama.

Na tena, waliombishia Thompson mapema hawakuwa hao wa kijiweni. Walikuwa wanasayansi wenzake. Georg Kaser wa Austria na wenziwe walisema kuwa kule kileleni baridi ni kali, na kinachoila barafu zaidi ni jua pamoja na uhaba wa theluji tangu mwishoni mwa karne ya 19. Joto la hewa lisibebeshwe lawama yote. Hiyo ndiyo shaka yenye adabu! Mtu anapanda mlima, anaweka vipimo, anaandika, anampa mwenzake ahakiki. Wala Kaser hakusema kwamba dunia haipati joto.

Kwani hoja ya joto haikutundikwa kwenye mlima mmoja. John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, alianza kupima maabarani mwaka 1859 jinsi hewa ya ukaa inavyozuia joto. Tangu 1958 hewa hiyo inapimwa Mauna Loa, kule Hawaii: wakati ule sehemu 315 katika kila milioni, leo zimepita 420. Anayekataa na alete kipimo chake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Wengine hujifunika dini. "Mvua ni ya Mungu, mwanadamu ataijuaje?" Nani aliyekataa kwamba ni ya Mungu? Nabii Yusufu alipojua kuwa miaka saba ya neema itafuatwa na saba ya njaa, hakukunja mikono, alijaza maghala. Na Mtume alimwambia mtu mmoja amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Akili tulizopewa tutaulizwa tulizifanyia nini.

Sisemi hivi kwa kuwadharau, maana ninyi wa kijiweni si wajinga. Wazee wenu wa pwani waliijua kaskazi na kusi, wakajua lini watweke tanga na lini wangoje. Nanyi wenyewe mnaweza kubishania bao moja la kuotea juma zima, mkidai picha irudiwe polepole, pembe hii na pembe ile. Kwa nini ushahidi mnaoudai kwa refa hamuudai kwa sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe?

Na si sauti ya WhatsApp tu: Oktoba 2023 wenzetu wa Kenya waliambiwa na mkuu wa nchi mwenyewe kwamba mvua za El Niño zilizotabiriwa hazitakuja. Kabla ya mwaka kwisha, mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya mia moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapo mkuu alikuwa nani?

Na kwa kuwa nimewagusa wakubwa, sitawaacha. Siku hizi kila balaa ni "mabadiliko ya tabianchi". Barabara ikikatika, tabianchi. Soko likijaa maji, tabianchi. Kisha semina hotelini, posho, picha ya pamoja, chai na sambusa. Mtaro uliosheheni chupa za plastiki umezibwa na hewa ya Hawaii? Kibali cha kujenga bondeni kimesainiwa na joto? Tuwaulize mambo mawili tu: mvua ya siku ile ilikuwa milimita ngapi, na mtaro ule ulijengwa upitishe maji kiasi gani? Asiye na majibu asitutajie tabianchi. Atuletee makoleo.